Gari Lililougua Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla sijasema na mtu, nakunja ngumi ya mkono wangu wa kushoto mara kumi. Naikunja, naiachilia, naikunja tena. Mama Mghoi, mke wangu, alishazoea. Mwanzoni alikuwa akiniuliza nataka kupigana na nani mapema hivyo. Siku hizi ananisogezea tu kikombe cha chai upande huo wa kushoto, kisha anatazama kama nitakinyanyua vizuri. Nikikinyanyua, anaenda zake kulisha kuku.

Nawaandikia nyinyi vijana mlioingia gereji juzi kwa sababu Wakesho ameniomba. Mnamjua Wakesho, ndiye mwenye gereji sasa, hapo Voi nilipofanyia kazi maisha yangu yote. Anasema mkiletewa gari lenye usukani mzito, nyote mnakimbilia pampu. Ati dereva hajazima hata injini, mmoja wenu ashapiga simu dukani kuulizia pampu. "Mzee, waandikie," aliniambia. "Mimi nikisema wanadhani nawaonea. Wewe watakuamini, una mvi." Nikamwambia mvi si cheti. Lakini nimekubali, kwa sababu hakuna kati yenu aliyewahi kukimbilia pampu kama mimi, na kwa mbio hizo nusura nimuue mke wangu.

Hayo nitayafikia. Kwanza nimshukuru aliyenifundisha, maana ukila mbivu bila kumtaja aliyepanda, huna adabu.

Alikuwa Mkamba, Mzee Kilonzo, aliyekuja Voi kijana akaoa hapa, akajenga hapa, na akazikwa hapa. Mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Mimi niliteremka kwake kutoka milimani, upande wa Wundanyi, nikiwa na cheti cha shule na mdomo mkubwa. Nilidhani kwa kuwa naweza kusoma kitabu cha gari, gari nalo litanisoma mimi.

Wiki ya pili au ya tatu hivi, Mzee Kilonzo akiwa ameenda kula, likaja Landrova moja kutoka Kishushe. Dereva akashuka akipangusa jasho, akasema usukani umekuwa mzito tangu asubuhi, mabega yanamuuma. Mimi hata sikumpa kiti. Nililala chini ya lile gari, na Mzee aliporudi na kijiti chake mdomoni, alikuta nimeshafungua boksi ya stelingi, vyuma vimepangwa juu ya gunia vinang'aa, na mimi nimesimama kama bwana harusi.

Alizunguka gari, akainama, akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Tairi likabonyea.

"Mwakio, hili gari limetoka wapi?"

"Kishushe, Mzee."

"Na upepo wake uko wapi?"

Nikatazama. Magurudumu yote manne yalikuwa yamelegea. Nyinyi mnajua watu wetu: wakienda Kishushe hupunguza upepo ili gari lipite kwenye mchanga na lisiwavunje mgongo kwenye mawe. Wakirudi kwenye lami, wanasahau kujaza. Tairi lisilo na upepo linaishika barabara kwa tumbo lote, basi usukani utakosaje kuwa mzito?

"Upepo umebaki Kishushe, Mzee," nikasema.

"Umempasua tumbo mtu mwenye njaa," akaniambia. "Sasa mshone."

Nilishona hadi jioni. Kisha akanipa pampu ya mguu, ingawa mashine ya upepo ilikuwa pale pale inafanya kazi, nikajaza matairi manne kwa mguu huku wenzangu wakinihesabia. Lakini hilo silo ninalolikumbuka zaidi. Ninalolikumbuka ni kwamba alimwendea mwenye gari akamwambia, "Tumekuchelewesha kwa kosa letu." Alisema letu. Sijawahi kusahau neno hilo moja, na mpaka leo namshukuru.

Kuanzia siku hiyo nilifuata njia yake. Gari lenye usukani mzito likiingia, Mzee Kilonzo alikuwa hashiki spana. Alimletea dereva kiti, pengine na maji ya kunywa, Voi kuna joto, kisha anamuuliza kana kwamba ni porojo tu. Ni mzito gari likisimama, au hata likitembea? Ni kulia na kushoto sawa, au upande mmoja umezidi? Ulianza ghafla au polepole? Ukishakata kona, usukani unarudi wenyewe au mpaka uurudishe wewe? Na la mwisho, aliuliza akitazama kando: "Kabla haujaanza, uligonga nini?"

Wote walijibu jibu moja: "Sijagonga kitu, Mzee." Na nusu yao walikuwa wamegonga. Jiwe, shimo, mzizi, ukingo wa daraja. Mzee alikuwa akicheka. "Gari halisahau," alisema. "Dereva ndiye husahau."

Majibu hayo ndiyo ramani yenu, vijana. Ukiwa mzito gari likisimama tu na likikimbia ni mwepesi, hapo sawa, shuku pampu na mkanda wake, na uanze na mkanda. Usukani ukilia kama mbuzi unapouzungusha hadi mwisho, mkanda umelegea. Fungua kikopo cha mafuta yake: yakiwa na povu, mfumo unavuta hewa mahali, yakiwa yamepungua, tafuta yanakovujia kabla ya kuongeza. Kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, hiyo si kazi. Na usukani usiorudi wenyewe baada ya kona, huo mara nyingi una kitu kilichokauka au kilichopinda huko chini.

Halafu jeki. Nyanyueni magurudumu yote mawili ya mbele yaning'inie, muweke stendi, nasema stendi, si jeki peke yake, mimi nimemzika mtu aliyeiamini jeki. Sasa zungusha usukani injini ikiwa imezimwa. Ukiwa mwepesi, basi vyuma vyako havina neno, rudi kwenye matairi, alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, na pampu. Ukibaki mzito, kuna kitu kimekaba. Fungua zile ncha za tairodi, fimbo mbili zinazosukuma magurudumu, ili usukani uachane nayo. Shika gurudumu kwa mikono uligeuze. Usipouona ugonjwa hapo, panda juu, kwenye boksi na mhimili wa usukani.

Na hapa ndipo Mzee Kilonzo alipokuwa mkali kabisa: ukishika gurudumu la kushoto, ushike na la kulia. "Kwani unajuaje hili ni zito," alikuwa akisema, "kama hujashika ndugu yake?" Nilishawahi kubishana naye kuhusu boljointi moja, kile kiungo ambacho gurudumu hugeukia, nikisema ni nzima, akanishikisha upande wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kulia uligeuka kama mlango wa kanisa. Wa kushoto ulikuwa unakwaruza. Tulipoufungua, mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, vumbi letu jekundu limeingia na kuchanganyika na grisi, limekuwa uji wa mtama. Ugonjwa huo mtauona sana huku kwetu. Mpira wa bei ndogo ukichanika leo, miezi michache baadaye dereva anapigana na usukani na hajui ni kwa nini.

Baada ya yote hayo ilibaki sheria moja, na hiyo ndiyo ninayotaka muishike hata mkisahau nyingine zote. Gari halikutoka gereji ya Mzee Kilonzo mpaka mtu wa pili alionje. Ndivyo tulivyosema, kuonja. Aliyelitengeneza hakuruhusiwa kuwa wa mwisho kuliendesha. Mtu mwingine analichukua, anaenda nalo hadi relini na kurudi, kisha anasema alichoonja. Mzee alisema mpishi akishakaa na moshi mchana kutwa, ulimi wake haujui tena chumvi.

Nilidhani ni kupoteza mafuta, mpaka alipokuja mwalimu mmoja kutoka Wundanyi. Mwalimu huyo alilalamika usukani ni mzito. Tukapima kila kitu, hatukuona ugonjwa. Mimi nikalionja, jepesi. Mwenzangu akalionja, jepesi. Mwalimu akipanda, mzito. Nikaanza kunong'ona ati wengine wanapenda tu kulalamika. Mzee Kilonzo akaingia akaketi kando ya mwalimu, wakaenda relini na kurudi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu. Kumbe mtoto wa mwalimu, kijana mrefu kama mlingoti, aliazima gari akasukuma kiti nyuma kabisa, na kile kishikio cha kukirudisha kikakwama. Mwalimu, mtu mfupi, alikuwa anaendesha mikono imenyooka kama anayesukuma toroli. Tulikipaka kishikio mafuta, tukasogeza kiti mbele, usukani ukapona.

"Mkishapima gari lote," Mzee akatuambia, "mpimeni na dereva."

Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilikisimulia kisa hicho miaka na miaka, kwa kila aliyekuja kujifunza kwangu baada ya Mzee kufariki na gereji kuniangukia. Nilimsimulia Wakesho siku yake ya kwanza, alipotoka Mwatate akiwa na ovaroli mpya na kucha ndefu. Nikamwambia akate kucha. Akakata. Kila kitu nilichomwambia alikifanya, isipokuwa kunyamaza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado bosi wa gereji, pikapu yangu ilianza kuwa nzito. Ilianza polepole. Kwanza kwenye kona tu, mikono yote miwili ikihitajika. Nikaangalia upepo, mzuri. Nikaangalia mafuta, yamejaa. Nikasema, basi ni pampu. Mnaona? Mimi, mwanafunzi wa Kilonzo, sikujiletea kiti wala maji, sikujiuliza swali hata moja. Nikabadilisha pampu. Usukani ukabaki mzito. Nikasema ni ncha za tairodi, nikazibadilisha zote mbili. Mzito.

Wakati huo huo gia nazo zikaanza ukaidi. Kuingiza gia ya pili ilikuwa vita. Nikapaka grisi kila kiungo. Kisha klachi ikawa ngumu, mguu unachoka nikifika tu sokoni. Nikabadilisha kebo ya klachi. Nilikuwa naitukana ile pikapu mbele za watu. Nilisema imezeeka, imenichoka, inataka kuuzwa. Kumbe masikini haikuwa na hatia yoyote.

Mambo mengine nilikuwa nayaona na siyaoni. Spana ilinidondoka mara mbili, nikalaumu grisi. Asubuhi kichwa kiliniuma, nikalaumu joto. Na kile kitu cha kuonja, Wakesho alikitaja. "Mzee, nikuonjee pikapu?" aliniuliza, zaidi ya mara moja. Nikamwambia pikapu ya bosi haionjwi. Niliisema nikicheka, lakini niliimaanisha. Nilikuwa nimejiambia kwamba sheria ile ni ya mafundi, na mimi nilishajiona nimepita ufundi, nimekuwa sijui nani.

Ikafika wiki ya harusi ya mpwa wa Mama Mghoi kule Wundanyi. Nilikuwa nimeahidi kuwapandisha akina mama wa kanisa Jumamosi asubuhi: Mama Mghoi mbele pamoja nami, watano nyuma na sufuria zao na magunia ya viazi. Mnajua barabara ile ikishaacha Mwatate. Kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona vilele vya miti ya watu. Kuna kona kule usipokata usukani wote kwa wakati wake, hakuna nafasi ya pili.

Alhamisi mchana nilirudi gereji nikiwa nimekunja uso. Kona ya kuingia langoni tu ilinishinda, nikagusa nguzo. Nikashuka nikapiga mlango. Nikasema leo nafungua boksi ya stelingi, lazima ipone kabla ya Jumamosi. Wakesho hakubishana. Alinyoosha mkono, akachukua ufunguo kwenye dashibodi, akapanda, akaenda. Sikumruhusu. Nilibaki nimesimama langoni napumua kama fahali.

Akaenda hadi relini, akarudi. Akaingia lile lango kwa mkono mmoja, mwingine uko dirishani.

"Nyepesi," akasema.

"Haiwezekani."

"Stelingi nyepesi. Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Klachi laini kuliko ya mteja yeyote hapa." Akashuka akanijia karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Mzee, stelingi nzito, gia nzito, klachi nzito. Gia unabadilisha kwa mkono gani? Klachi unakanyaga kwa mguu gani? Gari gani linaugua upande mmoja?"

Nilielewa, na sikutaka kuelewa.

"Nipe mikono," akasema. Akanipa vidole viwili vya kila mkono wake. "Finya."

Nikafinya. Nilifinya kwa hasira, kwa nguvu zangu zote. Akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto. Macho yake yalibadilika. "Wa kulia unaniumiza," akasema. "Wa kushoto siusikii."

Vijana, ningependa niwaambie nilimshukuru hapo hapo. Sikumshukuru. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimwambia amekosa adabu. Nilimwambia mimi nilikuwa nafungua stelingi kabla mama yake hajaolewa. Nikamwambia alete ufunguo na atoke kwenye gereji yangu, asirudi.

Akavua glavu akaziweka juu ya meza. "Nitatoka, Mzee," akasema. "Lakini na ufunguo natoka nao." Akautia mfukoni mwa ovaroli, akafunga kifungo, akatoka kwa miguu.

Hakwenda kwao. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwangu. Nilipofika, kwa bodaboda na hasira zangu, nilimkuta Mama Mghoi amesimama mlangoni ameshavaa viatu vya kutokea, na Wakesho amekaa kwenye ngazi anafuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

Mama Mghoi hakunipa nafasi. "Jumatatu ulimwaga chai," akasema. "Nikadhani ni kikombe. Jumanne ndala ilikuvuka mguuni ukaendelea kutembea bila kujua, mguu huo huo wa kushoto. Jana usiku ulikosa kifungo cha shati. Baba Mghoi, mimi nimekuwa naona na sikujua naona nini. Twende."

Tukaenda hospitali tukiwa watatu. Daktari alikuwa kijana, umri wa binti yangu. Alinipa kiti. Akaanza kuniuliza maswali polepole, na mimi nikaanza kusikia baridi, kwa sababu nilikuwa nayajua. Ulianza ghafla au polepole? Uzito ni wakati wote au ukifanya kitu fulani? Upande mmoja au pande zote mbili? Akaniambia nifumbe macho ninyooshe mikono yote mbele. Nilipofumbua, wa kulia ulikuwa pale nilipouacha. Wa kushoto ulikuwa umeshuka peke yake, na mimi sikujua. Akaushika wa kushoto akausukuma, kisha akashika ndugu yake.

Halafu akauliza, akitazama kando, akiandika: "Wiki za karibuni uligonga kichwa mahali?"

"Sijagonga kitu, daktari," nikasema.

Wakesho, huko alikokaa pembeni, akasema neno moja: "Boneti."

Ndipo nilipokumbuka. Kama mwezi hivi nyuma, nikiwa nimeinama kwenye injini ya lori dogo, kile chuma cha kushikilia boneti kiliteleza, boneti ikanishukia kisogoni. Niliona nyota. Wote walinicheka, nami nikacheka, nikaweka kitambaa cha maji baridi nikaendelea na kazi. Baada ya siku mbili nilikuwa nimesahau. Dereva ndiye husahau.

Waliniweka kwenye ambulensi siku hiyo hiyo hadi hospitali moja kubwa Mombasa, nikapigwa picha ya kichwa. Mshipa mdogo ulikuwa umechanika, damu imekuwa ikivuja kidogo kidogo wiki zote zile, imejikusanya kati ya fuvu na ubongo na kuukandamiza. Daktari wa huko alinionyesha kivuli chenyewe, kilikuwa upande wa kulia. Nikamwambia ni mkono wa kushoto unaonisumbua. Akanieleza kwamba ubongo wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Nikatamani kucheka. Ugonjwa ulikuwa juu, kwenye mhimili, na mimi nimebadilisha vyuma vyote vya chini.

Walinitoboa tundu dogo, wakaitoa ile damu. Nilipoamka, Mama Mghoi alikuwa ameketi upande wangu wa kushoto, ameshika mkono ule. Nikamfinya. Akatazama mkono, akanitazama usoni, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini siku hiyo nililia na sikujificha, na hata sasa nikiandika haya macho yananiwasha. Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari wale ambao hata majina yao sikuyashika vizuri.

Jumamosi ile, mimi nikiwa bado kitandani Mombasa, akina mama walipanda Wundanyi. Mama Mghoi alikuwa amebaki nami, lakini wale watano walikwenda na sufuria zao zote na viazi, ndani ya pikapu ile ile. Aliyewapandisha ni Wakesho, niliyekuwa nimemfukuza. Waliniambia baadaye walikwenda wakiimba njia nzima. Mimi huwa naihesabu ile barabara kichwani, kona kwa kona, nikiuweka mkono wangu wa Alhamisi kwenye usukani na Mama Mghoi kando yangu. Kuna kona moja sijawahi kuipita. Kila mara naishia pale.

Ndiyo maana nasema, vijana, msikimbilie pampu. Leteni kiti. Ulizeni. Shikeni upande wa pili. Na gari lisitoke bila mtu mwingine kulionja, hata kama ni la bosi. Hasa kama ni la bosi. Na siku mdogo wako kazini akikuambia umekosea, kabla ya kumtukana, mwombe vidole vyake uvifinye.

Nilirudi gereji baada ya miezi kadhaa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni ya Wakesho, sina tena haja ya kulala chini ya magari, na nilikuwa nimekuja kumwambia hivyo, na kumwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia matusi yangu. Nikamwomba. Akatazama chini akasema yameisha, akataka kuniletea soda. Kwenye meza yangu ya zamani alikuwa amepanga pampu, ncha mbili za tairodi na kebo ya klachi, amezisafisha zote kwa petroli. "Ulizitoa zikiwa nzima," akasema. "Mzee Kilonzo angekupa pampu ya mguu." Vitu hivyo viko rafuni mpaka leo. Vishikeni, mjue makosa yana uzito gani.

Daktari alikuwa ameshaniruhusu kuendesha. Pikapu ilikuwa pale kivulini, imeoshwa. Nikanyoosha mkono kwa Wakesho anipe ufunguo.

"Bado," akasema. "Mikono."

Akanipa vidole vyake, viwili huku, viwili kule. Nikafinya. Akatazama wa kulia. Akatazama wa kushoto, muda mrefu, mpaka akakunja uso kidogo kwa maumivu. Kisha akafungua kifungo cha mfuko wa ovaroli, akautoa ufunguo, akaniwekea katika mkono wa kushoto.

"Hadi relini na kurudi," akasema, akaingia kuketi kando yangu.